Usiku wa Kipupwe na Vitabu vya Kutisha

Kila mwaka, pamba ikishauzwa na upepo wa kipupwe ukaanza kuvuma mbugani, hapa kwetu Shinyanga hujitokeza mtu wa kuniuliza asome kitabu gani. Nasikia Ulaya na Marekani msimu wa hadithi za kutisha ni Oktoba, majani yanapopukutika. Sisi Oktoba tunatazama mawingu na kunoa majembe. Msimu wetu ni kati ya Juni na Agosti. Kazi za shamba zimekwisha, ghalani kuna chochote, vikundi vya Bagika na Bagalu vimekwisha kushindana kwa ngoma zao, na baridi huwaingiza watu ndani mapema. Ndipo mtu hutaka kuogopeshwa.

Mwaka huu aliyekuja ni mwalimu kijana wa sekondari, binti wa jirani yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, mwalimu. Nataka kitabu cha kunitoa jasho kwenye baridi hii. Cha kutisha hasa, nisiweze kwenda uani peke yangu."

Nilimwambia arudi kesho yake. Vitabu vyenyewe viko katika sanduku chini ya kitanda, ningeweza kumpa kimoja palepale. Lakini mimi na vitabu vya kutisha tuna jambo letu la zamani, na nilitaka kwanza nilale nalo usiku mmoja.

Nianze na hadithi ambayo kwa muda mrefu haikuwa na kitabu. Bibi yetu alitusimulia habari za Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu wote wa dunia pamoja na ng'ombe wao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akajifungua mtoto, Masala Kulangwa, ambaye alipokua alimwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akaenda kulitafuta dubwana. Akaua panzi, akamletea mama: ndilo hili? Akaua ndege, ndilo hili? Mwishowe akaliua lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi yule hakushukuru hata kidogo. Alikasirika, akataka kumdhuru kijana, na kijana ikambidi atafute dawa ya kumponya.

Tulipokuwa watoto tuliiona sehemu ile ya sikio kama kichekesho cha mwisho, cha kutuondolea hofu ya dubwana ili tulale. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaanza kuifikiria. Watu wote wameokolewa, furaha imeenea, halafu kuna ajuza mmoja mwenye kinyongo ambaye lazima ashughulikiwe. Masala Kulangwa alimshughulikia kwa kumponya. Hilo nimelikumbuka mara nyingi.

Kitabu changu cha kwanza cha kutisha kilikuwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Mwandishi ni Mwingereza, Rider Haggard, aliyekitoa mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Frederick Johnson, ya mwaka 1929, na kwa zaidi ya miaka thelathini ilipita katika mikono ya wanafunzi wa Afrika Mashariki mpaka majalada yakawa kama ngozi kuukuu. Nakala yangu ilitoka kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Sijui yeye aliipata wapi. Ilikuwa mwaka 1967, nami nilikuwa darasa la sita.

Nyumbani kwetu waliojua kusoma tulikuwa wawili. Madarasa ya kisomo chenye manufaa, yale ya vitabu vya kulima pamba bora, yalianza Kanda ya Ziwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo jioni wazee walinikalisha karibu na koroboi, nikasoma sentensi kwa Kiswahili na kuifasiri kwa Kisukuma. Walikipokea kama habari ya kweli. Walikuwa na haki ya kukipokea hivyo. Kitabu kinasema habari za almasi zilizolala chini ya ardhi ya Mwafrika, na wanaotoka mbali kuzifuata. Na Williamson, yule Mkanada, alikuwa amezigundua za Mwadui mwaka 1940, wazee wenyewe wakiwa vijana wenye nguvu. Mmoja alinikatiza kuuliza kama mashimo hayo yako upande wa Kishapu au Maganzo.

Kilichowatisha zaidi ni Gagula. Msomaji aliyekipitia kitabu hiki hawezi kumsahau: kizee kilichokauka, umri wake haujulikani, kinatambaa kama mnyama na macho yake yanawaka. Ipo sura ambayo mashujaa wa mfalme Twala wamepangwa kwa maelfu, na Gagula na wanawake wake wanapita katikati wakinusa wachawi. Yule wanayemgusa anauawa palepale. Hakuna ushahidi, hakuna kujitetea. Nilipofika hapo sauti yangu ilitetemeka, na nilipomaliza hakuna aliyetaka kutoka nje. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa mara ya kwanza maishani watu wazima walikuwa wakiningojea mimi niseme neno. Niliisoma sura ile tena kesho yake bila kuombwa. Niliongeza sauti ya Gagula, nyembamba ya kukwaruza. Watoto wakaishika.

Jirani yetu wa magharibi alikuwa bibi mjane. Macho yake yalikuwa mekundu. Karibu kila mwanamke wa rika lake alikuwa na macho ya namna hiyo, na sababu iko wazi kwa anayetaka kuitazama. Sehemu kubwa ya Shinyanga miti ilifyekwa zamani kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba, na kuni zikawa adimu. Mradi wa kuirudisha misitu, ule wa Hifadhi Ardhi Shinyanga tuliouita HASHI, ulianza mwaka 1986. Kabla ya hapo, na hata baadaye, mama zetu walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi wa miaka hamsini ndio uliomo katika macho yale.

Watoto wakaanza kumwita Gagula. Walimwita kwa sauti yangu mimi, ile nyembamba ya kukwaruza. Nilicheka. Naandika neno hili kwa sababu nimezunguka mwaka hata mwaka nikijaribu kusema kwamba nilitabasamu, au kwamba sikusikia. Nilicheka.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Kabla yake miji ya Wasukuma ilikaa mbalimbali, kila mtu na mashamba yake na ng'ombe wake. Anayeshukiwa uchawi mara nyingi alihama, akaenda kwa ndugu zake wa mbali au akafungua pori jipya, na maneno yakapoa. Waliochunguza habari za mauaji ya kwetu wameeleza kwamba kuwakusanya watu katika mistari ya nyumba kuliziba njia ile ya kuhama. Aliyekuogopa sasa alilala hatua arobaini kutoka mlangoni pako. Bibi yule alipangiwa kiwanja baina ya nyumba mbili zenye watoto wadogo.

Kipupwe cha mwaka uliofuata nilikuwa chuo cha ualimu. Barua ya nyumbani ilianza kwa salamu na habari za mvua, ikaja kwenye surua iliyoua watoto wawili wa jirani, halafu ikasema kuwa kulikuwa na safari ya kwenda kwa mpiga ramli, na kwamba bibi alikatwa mapanga usiku akiwa amelala. Mwandishi wa barua, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimtaja kwa jina lililokwisha kuzoeleka kijijini. Aliandika: wamemuua Gagula.

Sisemi kitabu ndicho kilichomuua, maana mauaji ya vikongwe kwetu yalikuwepo hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuona kitabu. Tume iliyoundwa na Serikali katika miaka ya 1980 ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu katika Usukuma, yaani Mwanza na Shinyanga. Dola nayo ilipotaka kuyakomesha ilijichafua mikono. Katika operesheni ya mwaka 1976 watuhumiwa walikamatwa kwa mamia, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo, yeye na viongozi wengine. Watu hukumbuka kujiuzulu kule kwa heshima, na ni haki yake. Ila mara chache hutajwa kwamba chanzo cha yote kilikuwa bibi zetu wenye macho mekundu.

Mashimo sikuyafungua tena kwa miaka kumi. Nilipoyafungua, nikiwa mwalimu, niligundua kwamba tulikuwa tumeisoma vibaya sura ile. Sisi tulimtazama Gagula sura yake: uzee, makunyanzi, macho. Hatukutazama kazi yake. Kazi ya Gagula ni kunyoosha kidole. Yeye ni mpiga ramli wa mfalme, na wanaouawa ni wale anaowagusa. Ukitaka kumtafuta Gagula katika kijiji chetu mwaka ule, usingekwenda kwa mjane wa magharibi. Ungefuata njia waliyoifuata wale jirani zangu kwenda kuuliza nani kaua watoto, ukakaa pale kwenye mkeka, ukamtazama yule anayetikisa kibuyu na kupokea fedha. Mwandishi mwenyewe hakunisaidia kuliona hilo, maana alipenda mno kutisha kwa ngozi iliyokunjamana. Tena mashujaa wake si safi: wanajua kwa kalenda siku ya kupatwa, wanajifanya wao ndio waliozima mwanga, na mwandishi anaona ni werevu.

Basi je, nimpe mwalimu kijana *Mashimo*? Kitabu kinasisimua, mlango wa jiwe unaposhuka polepole katika chumba cha hazina, hata leo shingo yangu inakakamaa. Nitampa. Lakini hakitakuwa cha kwanza.

Cha kwanza ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammad Said Abdulla. Mzanzibari huyu alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la mwaka 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, Abdulla alikuwa bwana afya kwa takriban miaka kumi. Jambo hili dogo la maisha yake hunipendeza kuliko yote. Kazi ya bwana afya ni kufika mahali ambapo watu wanasema kisima kina shetani, akainama, akatazama maji.

Kitabu kinaanza pale panapotutisha sote. Maiti inakutwa mzimuni, mahali pa watu wa kale, ambapo mtu mwenye adabu zake hapiti hovyo. Watu wako tayari kusema mzimu umeua. Ndipo anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum ambaye, kama mimi na wewe, haoni kitu mpaka aonyeshwe. Bwana Msa haukejeli mzimu. Hamtukani mwenye kuogopa. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani angefaidika. Mtu amekufa kwa mkono wa mtu, na mkono una mwenyewe. Wasomi husema Abdulla alijifunza kwa Sherlock Holmes, ambaye mwaka 1902 naye alipewa kesi ya mbwa wa kuzimu. Huenda ni kweli. Lakini Mwingereza wa mwaka 1902 aliyemwamini mbwa yule hakuwa na hatari ya kwenda na panga kwa jirani. Abdulla aliandika kwa wasomaji ambao baadhi yetu tulikuwa nayo.

Nilikisoma chuoni, mwaka uleule wa barua. Nilikimaliza alfajiri kwa mwanga wa chemli niliyoificha chini ya blanketi, na sikumbuki kama nililia kwa ajili ya kitabu au kwa ajili ya nyumbani. Kumbe inawezekana! Kumbe mtu anaweza kuogopa kurasa mia, nywele zikamsimama, na bado akafika mwisho akiwa na jina la muuaji wa kweli.

Kazi ilinipeleka Geita, nikafundisha huko miaka mingi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa wazi haukuanza hadi mwaka 2000. Katikati hapo, milima ilikuwa ya wachimbaji wadogo. Mtu hushuka kwa kamba ndani ya duara lenye giza, mita nyingi chini, miti ya kuzuia udongo ikilia, na hajui kama leo ni mwamba mtupu au ni utajiri. Hakuna kazi inayofanana zaidi na hadithi ya kusisimua. Wala hakuna mahali panapomfaa zaidi mwuza dawa, kwa sababu mwamba hautoi sababu. Wawili wanachimba bega kwa bega, mmoja anapata na mwingine hapati. Yule asiyepata ataambiwa ni kwa nini, kwa bei.

Msomaji anajua yaliyofuata, maana dunia nzima iliyasikia. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watoto kwa watu wazima, kwa sababu kuna waliouza uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Januari 2009 Serikali iliwafutia waganga vibali, na Septemba mwaka huo mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka kumi na minne. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino katika miaka ile. Nilimsindikiza nyumbani kila jioni kwa muhula mzima, mimi na mwalimu mwenzangu, na sijawahi kusoma kitabu kilichonitisha kama njia ile ya kilomita mbili.

Baada ya hapo vijana wa machimboni waliokuja kuniazima vitabu niliwaanzisha wote kwa Bwana Msa. Wakirudi kutaka kingine, nawapa *Kisima cha Giningi*, cha mwaka 1968, ambacho jina lake tu, la mahali pa mikutano ya wachawi katika masimulizi ya Unguja, linatosha kumkosesha mtu usingizi. Wapenda mwendo wa haraka nawapa *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, au Elvis Musiba na Willy Gamba wake. *Kikosi cha Kisasi* kitawapeleka mpaka Kinshasa bila nauli. Ben Mtobwa ndiye wanayempenda kuliko wote, na *Salamu Kutoka Kuzimu* nimenunua mara tatu maana hairudi. Hammie Rajab wa *Miujiza ya Mlima Kolelo* nampa mtu niliyekwisha kumjua tabia.

Yule binti alirudi kesho yake, kama tulivyoagana. Nilimpa *Mzimu* na *Mashimo* pamoja, *Mzimu* juu, nikamwambia asibadili mpangilio. Akauliza kwa nini. Nikamsimulia habari za mjane wa magharibi, naye ni mtu wa tatu kuisikia kutoka kinywani mwangu. Alinyamaza, akavifunga vitabu katika khanga. "Jina lake halisi nani, mwalimu?" Nilimtajia. Hapa silitaji, kwa kuwa wajukuu wake wako hai na hawajaniruhusu.

Nakala ya *Mzimu* niliyompa ni ya pili. Ya kwanza iko Geita, kwenye duara moja, inasomwa kwa sauti usiku na kijana aliyeishia darasa la saba. Juzi alinipigia simu. Kurasa za mwisho zimechanika, kuna mtu alivutia tumbaku, na wenzake hawalali kwa ugomvi. Wakaniomba niwatajie muuaji. Nikasema kwanza kila mmoja amtaje wa kwake, na atoe sababu. Hadi jana jioni walikuwa wamenitumia majina manne, mmoja wao na sababu tatu zilizopangwa vizuri, ingawa amekosea. Kurasa zilizobaki ninazinakili kwa mkono kutoka nakala ya binti, ambaye amenipa siku mbili tu. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi.